Je, MRI inaweza kuonyesha kama mtoto tumboni anapata oksijeni ya kutosha?

Swali: Shikamoo daktari. Nina mimba ya wiki 30, naishi Tabata. Wiki iliyopita nilipimwa ultrasaundi nikaambiwa mtoto ana kilo 1.2, ni mdogo kuliko umri wa mimba, na huenda kondo la nyuma halimpelekei chakula na hewa vizuri. Mimba ya kwanza nilimpoteza mtoto ikiwa na miezi minane, presha ilikuwa imepanda. Safari hii presha iko sawa, ila damu ni 9.4. Kliniki nilianza mimba ikiwa na miezi mitano. Wifi yangu aliyeko Uingereza anasema huko kuna MRI (kile kipimo cha picha kwa sumaku) inayoonyesha oksijeni kwenye kondo lenyewe, na yuko tayari kunitumia hela nipime hapa Dar. Kipimo hicho kipo? Ni salama? Na je, nikiweka mtungi wa oksijeni nyumbani nitamsaidia mtoto?

Jibu: Marahaba, dada, na pole sana kwa mtoto uliyempoteza. Mtu aliyepitia hayo haambiwi "usiwe na wasiwasi" akatulia, kwa hiyo sitakuambia hivyo. Nitakueleza ninachokifahamu kama daktari wa picha za uchunguzi, kisha nitakuambia ungefanya nini wiki hii kama ungekuwa mdogo wangu wa kuzaliwa.

Kipimo kipo, wifi yako hajadanganywa. Lakini mpaka sasa ni kipimo cha watafiti. Kinafanyika kwenye vituo vichache vya Ulaya na Marekani, kwa kina mama waliokubali kushiriki utafiti, na majibu yake bado si kigezo cha kawaida cha kuamua mama yupi azalishwe leo na yupi asubiri. Hapa Dar es Salaam mashine za MRI zipo, Muhimbili na kwenye baadhi ya hospitali binafsi, na wajawazito wanapimwa. Ila mjamzito akiandikiwa MRI ya kondo hapa kwetu, kwa kawaida swali ni jingine kabisa: aliwahi kujifungua kwa upasuaji, na daktari anahofia kondo limejichimbia kwenye kovu la zamani. Hapo tunaangalia kondo limekaa wapi na limezama kiasi gani. Kupima oksijeni kunahitaji mpangilio tofauti wa mashine, hesabu tofauti, na mtu aliyefundishwa kuisoma picha hiyo. Ukifika mapokezi ukasema tu unataka MRI ya kondo, unaweza kulipa, ukapimwa, ukatoka na ripoti safi isiyosema neno kuhusu kilichokupeleka. Kinachonitia hofu ni wewe kutulizwa na ripoti hiyo wakati mtoto anahitaji kuangaliwa kwa kipimo kingine kilichopo karibu nawe.

Sasa nikueleze kinachopimwa, maana ukikielewa utaelewa pia kwa nini mtungi hautasaidia.

Kondo la mimba iliyotimia lina uzito wa karibu nusu kilo na upana wa sentimita 20 hivi. Upande wako, damu inamwagika kutoka kwenye mishipa midogo ya ukuta wa kizazi na kujaza uwazi uliomo ndani ya kondo. Upande wa mtoto, mishipa yake imegawanyika kuwa vijitawi vingi mno, vyembamba, vinavyoning'inia ndani ya damu hiyo. Kama umewahi kuiona mikoko ya Kunduchi maji yakiwa yamejaa, picha ni hiyo: mizizi imezama, maji yanapita katikati yake, kila kitu kinachoingia kinapenya kwenye ngozi ya mzizi. Damu yako na ya mtoto hazichanganyiki. Oksijeni inavuka ukuta mwembamba wa vile vijitawi, inaingia kwenye damu yake, inasafiri kupitia kitovu. Mwisho wa mimba, zaidi ya nusu lita ya damu yako inapita hapo kila dakika.

Mtoto tumboni huishi na oksijeni kidogo kuliko sisi, na hiyo ndiyo hali yake ya kawaida. Hata damu bora anayoipata, ile inayotoka kwenye kondo, ina shinikizo la oksijeni la takriban milimita 30 za zebaki, wakati damu ya ateri zako ina karibu 95. Anamudu kwa sababu himoglobini yake, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, hushika oksijeni kwa nguvu kuliko yako. Lakini akiba yake ni ndogo, ndiyo maana kondo likipungukiwa anaanza kubana matumizi: anapunguza kukua, anaelekeza damu zaidi kwenye ubongo na moyo, mwisho anapunguza kucheza.

Mara nyingi tatizo linaanza mapema, kabla mama hajajua lolote. Katika nusu ya kwanza ya mimba ile mishipa ya ukuta wa kizazi inatakiwa ibadilike, ipanuke, ilegee, ili damu iingie kwa wingi na kwa utulivu. Isipopanuka vya kutosha, damu inaingia kwa mrusho mkali kwenye njia nyembamba, vijitawi vinaumia, na matokeo yake yanaweza kuwa presha ya ujauzito kwa mama, udogo kwa mtoto, au vyote viwili. Kwa hiyo presha iliyokupata mimba ya kwanza na udogo wa huyu wa sasa huenda vina mzizi mmoja. Wewe hukukosea popote. Hakuna mzigo uliobeba wala chakula ulichokosa kula kinachofanya mishipa hiyo isipanuke.

Twende kwenye MRI. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell huko Marekani walionyesha kwamba himoglobini iliyobeba oksijeni haivutwi na sumaku, lakini ikishaiachia oksijeni inavutwa. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake wa Bell Labs, wakipima ubongo wa panya, walionyesha kwamba tofauti hiyo ndogo inaonekana kwenye picha ya MRI. Mashine hutuma mawimbi ya redio, maji yaliyomo mwilini yanayajibu, na jibu hilo linafifia ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Penye himoglobini nyingi isiyo na oksijeni, linafifia upesi na picha inakuwa nyeusi. Penye oksijeni ya kutosha, linakawia na picha inang'aa. Hakuna sindano wala dawa inayoingizwa mwilini. Damu yako yenyewe ndiyo inayotoa taarifa.

Kasi hiyo ya kufifia inaandikwa kwa milisekunde. Watafiti wa Aalborg, Denmark, ambao wameifanya kazi hii kwa muda mrefu, waligundua kwamba kwenye mashine yenye sumaku ya nguvu ya Tesla 1.5 kondo lenye afya lina takriban milisekunde 120 kwenye wiki 24, kisha namba inashuka taratibu hadi karibu 50 mimba inapotimia. Kwa watoto waliodumaa tumboni kwa sababu ya kondo, namba huwa chini kuliko wenzao wa umri uleule. Mwaka 2020 wenzao wa King's College London waliona hali kama hiyo kwa kina mama waliopata presha kali ya ujauzito kabla ya wiki 37. Angalia lakini: namba ileile inayotisha kwenye wiki 26 inaweza kuwa ya kawaida kabisa kwenye wiki 38. Usipojua umri wa mimba kwa uhakika, namba haina maana. Hili nitalirudia, kwa sababu linakuhusu wewe moja kwa moja.

Ipo njia ya pili, ambayo mimi naiona ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi. Mama akiwa ndani ya mashine anavalishwa barakoa ya oksijeni kwa dakika kama kumi, huku picha zikipigwa kila baada ya sekunde chache. Unaangalia kondo linavyong'aa, sehemu hadi sehemu, na unapima linachukua muda gani kufikia kilele. Kundi la watafiti wa Boston, kwenye kazi iliyochapishwa mwaka 2017, lilitumia mapacha wa kufanana ambao mmoja alikuwa mdogo kuliko mwenzake. Ni chaguo la akili sana: mama mmoja, damu moja, siku moja, vinasaba vilevile, kilichotofautiana ni sehemu ya kondo ya kila mtoto. Kadiri sehemu ya mtoto ilivyochelewa kupokea oksijeni, ndivyo ini na ubongo wake ulivyokuwa mdogo, na ndivyo alivyozaliwa na uzito mdogo. Kazi za aina hiyo zilipata msukumo mkubwa tangu taasisi za afya za serikali ya Marekani zilipoanzisha mwaka 2014 mradi mahususi wa kulichunguza kondo la binadamu likiwa bado linafanya kazi tumboni. Kwa miaka mingi kabla ya hapo tulilisoma kondo likiwa kwenye beseni, baada ya kila kitu kuwa kimeshatokea.

Na kuna jambo moja kwenye picha hizo ambalo kila mkunga angependa kuliona. Kizazi kikikaza, hata kwa ule mkazo mdogo usiouma wa kabla ya uchungu, kondo zima linaanza kuwa jeusi kwenye skrini. Giza linaingia, linakaa kidogo, kisha mkazo unapoachia mwanga unarudi na kondo linajaa tena. Mama mwenyewe anaweza asihisi kitu. Mtoto mwenye kondo zuri anavumilia bila shida. Ukiitazama picha hiyo unaelewa kwa nini mtoto ambaye hali yake ilikuwa ya kuungaunga anaweza kushindwa kuvumilia uchungu uliokaza bila kupumzika, na kwa nini dawa ya kuongeza uchungu hailetwi kwa haraka haraka kwa mama wa namna hiyo.

Kwa nini basi kipimo hiki hakijatufikia? Gharama ni sababu mojawapo, ila si kubwa kuliko zote. Picha inasoma damu yako na ya mtoto kwa pamoja, haiwezi kuzitenganisha vizuri. Mama anapumua, mtoto anageuka, kizazi kinakaza, na kila kimoja kinavuruga hesabu. Mashine ya Tesla 3 inatoa namba tofauti na ya Tesla 1.5.

Halafu kuna damu yako ya 9.4. Mashine haihesabu oksijeni. Inahisi wingi wa himoglobini iliyokosa oksijeni. Mama mwenye upungufu wa damu ana himoglobini chache kwa ujumla, kwa hiyo hata ile iliyokosa oksijeni ni chache, na kondo lake linaweza kung'aa kwenye picha wakati mtoto anapata oksijeni kidogo. Yaani picha inaweza kumpa alama nzuri mama ambaye damu yake haitoshi. Viwango vya kulinganishia vimetokana zaidi na kina mama wa Ulaya na Marekani Kaskazini, ambako upungufu wa damu ni mdogo kuliko kwetu na hakuna malaria inayojificha ndani ya kondo. Tanzania pia ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Kabla ya namba za Aalborg au London kutumika kwenye hospitali za Amana au Temeke, ni lazima wapimwe kina mama wa hapa, wengi, wenye damu za hapa. Natamani sana kuiona kazi hiyo ikifanyika nchini.

Nisemee kidogo na vifaa vya mwanga, maana huenda wifi yako atavisikia siku moja. Watafiti wanajaribu kupima oksijeni ya kondo kwa kuweka juu ya tumbo kifaa kinachotoa mwanga usioonekana kwa macho, kwa namna ileile kile kidude cha kidoleni kinavyofanya. Ni rahisi kuliko MRI na kingeweza kufika hadi kituo cha afya, ingawa kinafaa tu kwa kondo lililokaa mbele, karibu na ngozi. Hapo nina sharti moja. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba vile vidude vya kidoleni vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe, kwa kuwa rangi ya ngozi inabadilisha mwanga unaorudi. Kifaa chochote cha mwanga kitakachoahidi kupima kondo la mama wa Tabata kwanza kithibitishwe kwenye tumbo la mama wa Tabata.

Kuhusu usalama, MRI haina mionzi ya eksirei. Ina kelele, hivyo unazibwa masikio, na kwa mimba ya umri wako unalazwa ubavu, hasa wa kushoto, kwa sababu ukilala chali kizazi kinakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Kitu cha kuepuka ni ile dawa ya kung'arisha picha yenye madini ya gadolinia. Inavuka kondo, na utafiti mkubwa wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2016, uliihusisha na vifo vya watoto na magonjwa ya ngozi na viungo. Siku yoyote ukiandikiwa MRI ukiwa mjamzito, kwa sababu yoyote, uliza kabla hujalala: mtanidunga dawa ya picha?

Mtungi wa oksijeni, hapana. Kama mapafu yako ni mazima, himoglobini yako tayari imejaa oksijeni kwa asilimia 97 au zaidi, na barakoa haiwezi kuongeza cha maana. Oksijeni ipo upande wako. Inayokwama ni njia ya kuvuka. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kiliwaambia wanachama wake waache kuwapa kina mama oksijeni kama kawaida ya kutibu mapigo ya moyo wa mtoto yasiyoridhisha, kwa sababu haikuonekana kuwasaidia watoto. Ile barakoa ya ndani ya MRI ni ya kupimia, haitibu. Usinunue pia dawa ya kufungua mishipa kwa ushauri wa mtu wa mtandaoni. Sildenafili ilijaribiwa kwa kina mama wenye tatizo kama lako, na mwaka 2018 jaribio la Uholanzi lilisitishwa baada ya baadhi ya watoto waliozaliwa kupata matatizo ya mapafu na kufariki.

Hadi leo hatuna dawa ya kukarabati kondo lililoharibika. Kinachookoa watoto hawa ni kuchagua siku ya kuzaliwa: mtoto asikae tumboni kiasi cha kuishiwa, wala asitolewe mapema kiasi cha kushindwa kupumua. Siku hiyo hatuhitaji MRI kuipata. Tuna Doppler.

Doppler ni ultrasaundi ileile, ila inasikiliza damu inavyokimbia. Haipimi oksijeni, lakini inaonyesha athari zake. Tunaweka alama kwenye ateri ya kitovu na skrini inachora mawimbi: moyo wa mtoto ukisukuma wimbi linapanda, ukipumzika linashuka. Kwenye kondo zuri, hata moyo unapopumzika damu inaendelea kwenda, kwa hiyo wimbi haligusi mstari wa chini. Vijitawi vinapoharibika njia inakuwa nzito, na ile sehemu ya mapumziko inashuka, inashuka, mpaka inagusa mstari. Mbaya zaidi ni pale inapopita chini ya mstari, maana yake damu inarudi nyuma. Damu ikiacha kwenda wakati wa mapumziko, mimba kwa kawaida haiachwi ipite wiki 34. Ikianza kurudi nyuma, haiachwi ipite wiki 32. Tunaangalia pia ateri ya ubongo, kuona kama mtoto ameshaanza kuelekeza damu zaidi kwenye ubongo. Majaribio yaliyokusanywa pamoja mwaka 2017 yalionyesha kwamba kutumia Doppler ya kitovu kwa mimba za hatari kulipunguza vifo vya watoto kwa asilimia 29 hivi. Hakuna picha ya oksijeni iliyowahi kuonyesha hivyo, na ndiyo sababu nakusukuma huku.

Kwa hiyo, wiki hii. Tafuta kadi yako ya kliniki na karatasi zote za ultrasaundi, uanze na ile ya zamani kuliko zote. Ulipoanza kliniki kwenye miezi mitano, ulipimwa? Kama ulipimwa kabla ya wiki 24, umri uliosomwa siku ile ndio wa kushika, kama haukushikwa wakati ule. Kama umri wako wa wiki 30 umetokana na kumbukumbu ya hedhi peke yake, inawezekana mimba ni changa kuliko unavyodhani na mtoto si mdogo kihivyo. Kilo 1.2 kwa wiki 30 kamili ni chini kidogo ya mstari tunaoutumia kusema mtoto ni mdogo. Kwa wiki 28 ni uzito wa kawaida. Na kumbuka ultrasaundi inakadiria uzito, inaweza kukosea kwa asilimia 10 hadi 15 juu au chini. Kipimo kimoja hakitoshi. Uzito urudiwe baada ya wiki mbili, ikiwezekana na mtu yuleyule kwenye mashine ileile, tuone anakua au amesimama. Kuurudia kila siku tatu ni kupoteza hela, kwa sababu kosa la mashine ni kubwa kuliko gramu anazoongeza mtoto kwa siku tatu.

Doppler usisubiri wiki mbili. Nenda Amana, ambako kwa anayekaa Tabata ni karibu, au Muhimbili kwa rufaa, au kwa daktari wa picha unayemwamini, na useme wazi: mtoto ameonekana mdogo, mimba iliyopita nilimpoteza kwenye miezi minane kwa presha, naomba Doppler ya ateri ya kitovu na ya ubongo. Usiishie kusema "nataka ultrasaundi", utapewa urefu wa mfupa wa paja na jinsia. Ikiwa nzuri, irudiwe kila baada ya wiki moja au mbili kadiri daktari wako atakavyoona. Ikiwa mbaya, utalazwa, na huenda ukachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Hizo hutolewa hospitalini, palipo na wodi ya watoto njiti, wala si za kuchomwa duka la dawa.

Presha yako kuwa sawa leo ni jambo jema, lakini mimba kama hii inaweza kubadilika ndani ya siku chache. Ipimwe kila wiki, pamoja na mkojo. Kichwa kikiuma bila kuachia, macho yakiona ukungu au vimulimuli, maumivu yakija juu ya tumbo chini ya mbavu, uso ukivimba ghafla, nenda hospitali hapohapo. Kama ulianzishiwa aspirini ndogo mapema, endelea nayo mpaka daktari aseme acha. Kama hukuanzishiwa, usijianzishie sasa. Faida yake inapatikana ikianza kabla ya wiki 20.

Damu hiyo ya 9.4 ndiyo sehemu ya oksijeni ya mtoto ambayo wewe mwenyewe unaweza kuipandisha, na inanisikitisha jinsi watu wanavyoipuuza wakitafuta mashine kubwa. Kila himoglobini unayoiongeza ni chombo kingine cha kubeba oksijeni hadi kwenye kondo. Dozi ya madini ya chuma kwa mwenye damu yako si ile ya kila mjamzito: Shirika la Afya Duniani linashauri miligramu 120 za chuma kwa siku mpaka damu ifike 11. Muulize nesi au daktari wako anayekupa vidonge vya kuongeza damu uongeze vipi. Usivimeze na chai. Meza na chungwa au ukwaju, chai isubiri saa moja au mbili. Upimwe na minyoo, na kama hujawahi, upimwe selimundu. Malaria inaweza kujificha kwenye kondo huku kipimo cha kidole kikisema huna, kwa hiyo dozi za SP za kliniki usiziruke, ila kama unatumia septrini mwambie nesi kwanza, haziendi pamoja. Jiko la mkaa litoe nje. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi inayonyakua nafasi ya oksijeni kwenye himoglobini, kwako na kwa mtoto, na hata ile MRI ingedanganyika, kwa kuwa himoglobini iliyobeba gesi hiyo nayo haivutwi na sumaku.

Lala ubavu, kulia au kushoto. Ukishtuka usiku ukajikuta chali, geuka tu, usijilaumu.

Kucheza kwa mtoto ndicho kipimo cha oksijeni unachotembea nacho. Sikupi idadi ya mateke, kila mtoto ana mazoea yake, na wewe unayajua kuliko mimi. Kama amepunguza kuliko kawaida yake, usinywe soda baridi ukasubiri asubuhi, wala usimpigie mtu akuambie "wanalalaga". Nenda siku ileile, hata saa nane usiku, na ukifika wodini sema hilo kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Hela ya wifi yako aitume, isipokuwa isiende kwenye MRI. Ilipie Doppler za kurudiarudia, vipimo vya damu na vidonge. Inayobaki iweke pembeni kwenye simu kwa ajili ya usafiri wa usiku kutoka Tabata, na muwe mmeshamjua dereva atakayepokea simu saa hizo.